Simu ya Mwenzi Wako ni ya Moto? Usifungashe Virago Bado

Kaa mkao wa kula, maana leo nina mada ambayo sidhani kama uliitarajia.

Leo tunaongelea joto. Weee, usianze kutabasamu, si lile unalolifikiria! Naongelea joto la simu, hili linalokuja mtu anapocheza gemu. Najua kuna atakayesema, "Dada, wewe si ni wa mambo ya mapenzi, umehamia lini kwa mafundi simu?" Sijahama. Ila siku hizi mafundi simu na sisi tunaotoa ushauri wa ndoa tunapokea wateja walewale, tofauti ni nani wamemwendea kwanza.

Hebu sikia hili. Dada mmoja, ndoa yao haijamaliza hata mwaka wa pili, alinipigia akiwa analia. "Dada, mume wangu anabaki sebuleni mpaka saa sita usiku. Akija kulala nikiigusa simu yake naikuta ya moto kama pasi. Nikimuuliza alikuwa anaongea na nani, ananijibu eti alikuwa anacheza gemu. Mtu mzima, ana kazi yake ya maana, gemu gani la saa tatu? Simu haiwi ya moto vile bila kuongea na mtu."

Nilimuuliza, "Mdogo wangu, mbali na hilo joto, kuna kingine umekiona?" Akasema hakuna. Pesa ya nyumbani inatoka, Jumapili wako wote, simu haina hata namba ya siri. Ushahidi wote ulikuwa ni joto, na begi lilikuwa limeshafungashwa kwenda kwa mama yake Morogoro!

Sasa na tukae chini tuelewane, kwa sababu najua hamko wachache.

JOTO LINATOKA WAPI?

Wale wa rika langu mnaikumbuka Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000, na gemu lake la nyoka. Unacheza foleni nzima ya Ubungo na simu haipati hata uvuguvugu. Unajua kwa nini? Kioo chake kilikuwa na nukta 84 kwa 48, yaani nukta 4,032 tu, tena hazina rangi. Kazi ilikuwa ndogo.

Chukua simu ya leo. Kioo cha simu nyingi kina nukta 1,080 kwa 2,400, ambazo ni karibu milioni 2.6, na kila moja ina rangi yake. Gemu kama PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile au eFootball likienda kwa picha 60 kila sekunde, kioo hicho kinapaswa kuletewa nukta zaidi ya milioni 155 kila sekunde moja. Wakati huohuo simu inapiga hesabu mpira umedunda wapi na risasi imetoka upande gani, inatoa sauti, na inawasiliana na wachezaji wengine kwa intaneti.

Kazi yote hiyo inafanywa na prosesa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Inakula umeme wa betri, na karibu umeme wote huo mwishowe unageuka joto. Kompyuta ina feni ya kulitoa nje. Simu nyingi hazina feni, zimefungwa pande zote, kwa hiyo joto lina njia moja tu, kupenya kwenye kioo na mgongo wa simu mpaka kwenye kiganja chako. Kwa hiyo ukisikia mgongo wa simu una moto kidogo, maana yake joto linatoka. Hiyo peke yake si ugonjwa.

JE, JOTO LINATAJA JINA LA MTU?

Jibu ni hapana. Tena nitakuambia jambo litakalokushangaza. Mtu anayechati kwa maandishi na mpenzi wa pembeni usiku kucha, simu yake inaweza kubaki baridi kabisa! Kuandika ujumbe ni kazi nyepesi kwa simu. Zinazopasha sana ni gemu nzito, kupiga simu ya video kwa muda mrefu, kurekodi video, kugawa intaneti kwa simu nyingine, ramani wakati wa kuendesha gari, na mtandao dhaifu unaoifanya simu iongeze nguvu kutafuta mnara. Hata kupakia picha za harusi ya shemeji kwenye hifadhi ya mtandaoni kunapasha.

Kwa hiyo wewe unayegusa simu ya mwenzako kama daktari anayepima homa, acha. Kipimo chako ni kibovu. Sisemi waume wote ni malaika, wala wake wote. Nasema ukiwa na wasiwasi na mwenzi wako, muulize mwenzi wako, usiulize betri.

Yule dada nilimshauri kitu kimoja tu. Nikamwambia, usiku wa leo usiende chumbani. Kaa pembeni yake, mwambie akuonyeshe anavyocheza, kisha baada ya nusu saa iguse simu. Kesho yake akanipigia, sauti imebadilika. Simu ilichemka mbele ya macho yake, na aliyekuwa anaongea na mumewe kupitia gemu ni shemeji yake aliyeko Mwanza, wanapiga kelele "nifunike, nifunike!" kama watoto.

Basi yakaisha? Hayakuisha, rafiki zangu. Nilipoongea na shemeji nilimwambia ukweli wake naye. Joto la simu halikusema alikuwa na nani, ila lilisema kweli alikuwa na simu kwa saa tatu, na mke yuko chumbani peke yake. Hilo halihitaji fundi. Na bahati nzuri ni kwamba dawa ya simu na dawa ya nyumba hapa ni ileile, kupunguza muda. Wakakubaliana saa moja, kisha simu inazimwa, ipoe, na watu walale.

MOTO UNAPOTOKA PANDE TATU

Gemu peke yake simu inaliweza. Tatizo kubwa linakuja mambo matatu yakikutana: gemu, chaji na mazingira ya joto.

Unapochaji, betri yenyewe inatoa joto, na chaja za haraka za siku hizi zinaongeza zaidi. Ukicheza huku umechomeka waya, betri inapashwa na chaji wakati prosesa inapashwa na gemu, vyote ndani ya kiboksi kimoja chembamba. Ongeza sasa Dar es Salaam ya Januari au Februari, mchana nyuzi joto 32 za Selsiasi, umeme umekatika na feni haizunguki. Apple wanashauri simu zao zitumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35. Ina maana mchana wa Dar unakaribia mpaka wa juu kabla hujafungua hata gemu lenyewe.

Simu ina vipima joto ndani yake. Ikiona mambo yanaharibika inajihami: inapunguza kasi, inafifisha mwanga wa kioo, inasimamisha chaji. iPhone ikizidiwa kabisa inaleta onyo kioo kizima kwamba inataka ipoe kwanza. Hapo ndipo unasikia mtu anautukana mtandao wa watu, "bando limeisha nini, mbona linaganda?" Kumbe bando lipo, ni simu imechoka.

Kuganda unaweza kukuvumilia. Kibaya ni kile usichokiona. Betri za simu zetu ni za lithiamu, na lithiamu haipendi joto. Kila ukiipika mara kwa mara, uwezo wake wa kutunza chaji unapungua na haurudi. Ndiyo maana simu uliyoinunua mwaka juzi ikikaa siku nzima, leo saa nane mchana inaomba chaja.

Na simu siku hizi si kitu cha kuongea tu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na wenzake wakafuata, simu imekuwa pochi. Ada ya mtoto, luku, marejesho ya kikoba, barua pepe ya bosi, vyote viko humo. Ikizima ukiwa Kimara na mgonjwa yuko Muhimbili anasubiri umtumie hela ya dawa, gemu la jana usiku litakuwa limekugharimu kweli. Hapo sijataja wale walioichukua kwa mkopo, mnalipa mdogomdogo kila wiki na betri imeshachoka kabla deni halijaisha.

FANYA HIVI

Fundi wangu wa Kariakoo ana msemo wake: watu wanatafuta cha kupoza simu wakati wanapaswa kuondoa kinachoipasha. Naukubali, na orodha yangu inaanzia hapo.

Kwanza, chaji kabla ya kucheza, si wakati wa kucheza. Ijaze, chomoa, cheza. Betri ikishuka sana, pumzika na yenyewe ipumzike. Baadhi ya simu, kama zile za Infinix na Samsung za kuanzia mwaka 2023 za aina fulani, zina mpangilio unaoruhusu umeme wa chaja uende moja kwa moja kuendesha simu bila kupitia betri. Angalia kwenye mipangilio ya gemu ya simu yako. Kama upo, utumie siku ambayo lazima uchomeke waya.

Pili, vua kava. Kava nene la mpira ni zuri simu ikidondoka, lakini wakati wa gemu ni sawa na kumvalisha mtu sweta anapokimbia. Vua, cheza, ukimaliza rudisha.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya gemu ushushe ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde. Ukitoka 60 kwenda 30, umeipunguzia simu nusu ya picha za kuchora. Kama kioo chako ni kile cha 120, kirudishe 60. Na mwanga wa kioo upunguze, hukai uwanjani.

Nne, ukiwa na Wi-Fi nzuri nyumbani, itumie kuliko data inayovutwa kutoka mnara wa mbali. Funga programu nyingine, zima ramani, na acha kumgawia intaneti jirani wakati unacheza.

Tano, chagua mahali pa kukaa. Kaa kivulini, penye upepo, na feni ipulize mgongo wa simu, si uso wako peke yako. Ukiiweka chini, iweke juu ya meza au vigae. Godoro, mto na sofa vinaufunika mgongo na joto linakosa pa kutokea.

Sita, pumzika. Ukicheza dakika 30, ipe simu dakika kumi. Hizo kumi zinatosha kabisa kumuuliza mwenzako siku yake imekwendaje.

Saba, sasisha simu na gemu mara kwa mara. Wakati mwingine kosa si lako. Septemba 2023 walionunua iPhone 15 Pro walilalamika simu zinachemka. Apple walieleza kwamba kulikuwa na hitilafu katika iOS 17 na katika programu kadhaa, likiwemo gemu la magari la Asphalt 9, na Oktoba hiyohiyo wakatoa sasisho la kurekebisha. Aliyepuuza sasisho aliendelea kuungua vidole.

Nao watengenezaji wanahangaika na mizani hiyohiyo. Mwaka 2022 Samsung walilalamikiwa kwa sababu programu yao moja ilikuwa inapunguza kasi ya simu kwenye gemu ili isichemke, na wateja walitaka waachiwe waamue wenyewe. Wakaachiwa. Ila kasi na ubaridi kwa pamoja, muda wote, bado hakuna anayekupa. Ukitaka kimoja unapunguza kingine.

USIFANYE HAYA

Usiiweke simu kwenye friji wala friza! Najua mnafanya, msinifiche. Simu ya moto ikikutana na ubaridi wa ghafla, mvuke uliomo kwenye hewa unageuka matone ya maji, kama yale ya nje ya chupa ya soda baridi, na matone hayo yanaweza kutokea ndani ya simu. Kuandikiwa kwamba simu haiingii maji hakukusaidii, maji hayo hayakupita mlangoni. Kitambaa kibichi na barafu navyo vipe likizo. Simu ikichemka, funga gemu, vua kava, chomoa chaja, weka kivulini na feni. Itapoa yenyewe.

Usipakue zile programu zinazojisifu kupoza simu kwa kubonyeza mara moja. Programu haina upepo. Nyingi zitakuletea matangazo, na zenyewe ni kazi nyingine kwa simu ileile. Vile vifeni vya kubandika mgongoni mwa simu ni habari tofauti, vinatoa joto kweli, na mchezaji mkubwa anaweza kununua. Lakini ukishafuata yale saba ya juu, wengi wetu hatuvihitaji.

Usiiache simu kwenye dashibodi ya gari lililopaki juani. Na tafadhali, msiwape watoto simu iliyo kwenye chaji wacheze gemu kitandani, eti ili mpate nafasi ya kuongea. Ngozi ya mtoto ni laini, naye akinogewa na gemu hasemi kama kuna moto.

HAPA USICHELEWE

Joto la gemu linalopoa ukifunga gemu ni la kawaida. Lakini ukiona simu inachemka huku haifanyi kitu, mgongo umevimba au kioo kimeanza kunyanyuka, au unasikia harufu ya ajabu kama dawa, hiyo ni betri. Zima simu, usiichaji tena, usiiminye wala kuitoboa, na usilale nayo chumba kimoja. Ipeleke kwa fundi unayemwamini abadilishe betri, na usikubali betri isiyojulikana imetoka wapi kwa sababu tu ni bei poa.

Mnaikumbuka Galaxy Note 7? Ilitoka Agosti 2016, na Septemba Samsung wakatangaza kurudisha simu zipatazo milioni 2.5 kwa sababu baadhi zilikuwa zinashika moto. Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Januari 2017 walieleza uchunguzi umeonyesha kasoro ilikuwa kwenye betri zenyewe, si gemu wala mtumiaji. Siwatishi, kisa kama kile ni nadra. Ila kinatufundisha kwamba betri yenye kasoro haina mjadala, na kwamba simu inayochajiwa chini ya mto, ndani ya chandarua, kati ya watu wawili waliolala fofofo, imewekwa mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba.

WAPENDANAO, KUBALIANENI HAYA

Mwisho, nawapa kazi ya nyumbani. Leo jioni mkishakula, kaeni wawili mpange mambo matatu. La kwanza, simu zote zichajiwe wapi usiku. Mimi nashauri juu ya meza ya sebuleni, mbali na kitanda na mapazia. La pili, gemu ni saa ngapi mpaka saa ngapi. Usimkataze mwenzako kabisa, bwana. Kuna anayepumzishwa na gemu kama wewe unavyopumzishwa na tamthilia. Akina dada wa Candy Crush mnanielewa. Lakini saa iwepo, na ikifika ifike. La tatu, mwenye swali moyoni aulize kwa maneno, na anayeulizwa ajibu bila kufoka.

Na wewe kaka unayesoma huku umeishikilia simu inayochemka, usimwambie mkeo "hujui mambo ya gemu". Mpishe kwenye sofa, mfundishe. Anaweza akakushinda, na hapo ndipo mtajua nani alikuwa anapoteza muda wa nani.

Kwa leo niishie hapa. Mwezi ujao tutaongelea wale wanaoficha mishahara kwa wenzi wao, mada ambayo mmeiomba kwa muda mrefu. Mpaka wakati huo, pendaneni, vua kava, chomoa chaja. Nawatakia mwezi mwema.